Ni Mji Gani Ulio Karibu Naye?

SOMO LA WIKI
Andiko la msingi: Kumbukumbu la Torati 21:1–9
Ya kusoma nyumbani: Isaya 58:6–12, Matendo 23:12–24

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21 kuna sheria ambayo wengi wetu huiruka tukikimbilia baraka za sura ya 28. Mtu amekutwa ameuawa, amelala nje ya miji. Hakuna shahidi. Muuaji hajulikani. Hata jina la marehemu halitajwi, wala hatuambiwi ni mtoto wa nani. Ndipo Mungu anaagiza kitu cha ajabu: wazee na waamuzi watoke, waende mpaka pale alipolala, wapime umbali kutoka kwa maiti hadi miji yote inayozunguka mahali hapo. Mji utakaokuwa karibu zaidi, wazee wake ndio watakaochukua ndama jike ambaye hajawahi kufungwa nira, wamshushe kwenye bonde lenye maji yasiyokauka, wamvunje shingo pale, halafu wanawe mikono mbele ya makuhani na kutamka kwamba si wao waliomwaga damu hiyo, na macho yao hayakuona ikimwagwa.

Hapo muuaji hajapatikana, na bado kuna watu wanaoitwa kujibu. Wanaitwa kwa sababu moja tu, kwamba walikuwa karibu.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliisoma sheria hii wakasumbuka kama tunavyosumbuka sisi. Katika Mishna, ndani ya sehemu iitwayo Sota, waliuliza: kwani kuna mtu aliyedhani wazee wa mji ndio wauaji? Mbona wanawe mikono? Wakajibu kwamba wazee hao walikuwa wanatamka jambo lingine: kwamba mtu huyu hakufika kwao wakamwacha aende bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha aende bila wa kumsindikiza. Chakula na msindikizaji. Mambo mawili tu. Shika hayo mawili, maana tutayarudia.

Mji wetu kabla ya jua

Machakos ni mji mkongwe. Wazungu wa kampuni ya IBEA waliweka kituo chao hapa kabla Nairobi haijaanza kuwa mji, na jina wakaliandika walivyolisikia, Masaku akawa Machakos. Tangu siku hizo huu ni mji wa soko na wa wasafiri. Ukipita Marikiti saa kumi na moja asubuhi, mboga zinashushwa, stendi ya mabasi imeshaamka, makanga wanaita abiria wa Nairobi na wa Kitui. Na mwenye duka anayefungua mapema anajua kwamba kabla ya kufuli kuna kazi nyingine: kumwamsha mtu aliyelala kwenye veranda. Amejifunika gunia au katoni. Mwezi wa saba, baridi ya milima ya Iveti ikishuka, wanalala watatu kwa pamoja kama watoto wa mbwa, chupa ya gundi iko shingoni. Baadhi yao ni watoto kweli, wa umri wa shule ya Jumapili.

Sasa, katika ombi la Jumatano tunasikia maombi ya aina mbili. Mama anaomba kwa sababu kibanda chake kimevunjwa mara ya pili na stoku ya mkopo wa chama imekwenda. Binti wa chuo anashukuru kwamba amebaki mzima, lakini simu imenyakuliwa akitoka maktaba. Maombi haya ni ya haki. Sitaki mtu aondoke hapa akisema mwalimu wa wiki hii anatetea wezi. Hofu ya mama huyo ni ya kweli, na deni lake ni la kweli.

Lakini tumezoea kuunganisha mambo mawili ambayo si kitu kimoja. Mwizi ni mmoja, na asiye na pa kulala ni mwingine. Mara nyingine wanakutana ndani ya mtu mmoja, ndiyo, tusidanganyane. Ila wezi wengi wana nyumba, wanalipa kodi ya nyumba, na wengine wana pikipiki. Na anayelala nje ndiye anayeibiwa kirahisi kuliko wote: viatu, blanketi, zile shilingi mia alizopata kwa kubeba magunia. Hana mlango wa kufunga. Sisi tukishamwita "chokoraa" tumemaliza habari yake. Neno lenyewe linatokana na kuchokora, kupekuapekua takataka. Tumempa mtu jina la kile anachofanya akiwa na njaa.

Kufagia watu

Kuna suluhisho ambalo hupendwa sana, hasa Krismasi ikikaribia na wageni wanapopanda kutoka Nairobi na Mombasa: waondolewe. Wapi? Popote.

Nchi yetu ina historia ndefu ya jambo hili. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria za uzururaji, Mwafrika akikutwa mjini hana kazi wala makao anakamatwa kwa hilo peke yake. Tulipata uhuru, sheria ya namna hiyo ikabaki vitabuni mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Sheria ikafutwa, tabia ikabaki. Februari 2019 watoto na vijana waliokuwa wakilala mitaani Nakuru walikusanywa usiku, wakapakiwa kwenye gari na kutupwa karibu na msitu wa Chemasusu, kaunti ya Baringo. Nchi nzima ilipiga kelele. Wengine wao walirudi Nakuru, maana huko ndiko walikojua pa kupata chakula. Hebu pima kwa kamba ya Kumbukumbu 21: mtoto akifia msituni, mji ulio karibu ni upi? Ule wa pale msituni au ule uliompakia?

Sensa ya watu wa mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na Nairobi peke yake 15,337. Huwezi kutafuta msitu wa kuwatosha hao wote.

Babu na nyanya zetu hapa Ukambani walijua kazi ya korongo. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos imekwisha, udongo unakimbia na mvua. Leo ukitazama vilima unaona matuta, yaliyochimbwa kwa jembe, vikundi vya mwethya vikiimba na kuchimba shamba la huyu leo na la yule kesho, akina mama wakiwa wengi. Mtu wa mwethya hakuzuia korongo kule chini lilikokuwa pana. Alipanda juu, mahali maji yanapoanza kukusanyika, akachimba tuta dogo. Mvulana wa pale stendi alianza kuwa wa stendi mahali fulani juu kule, Mwala au Masinga au Kathiani, siku ambayo kulikuwa na kipigo au pombe au kifo cha mama, na hakuna aliyechimba tuta.

Mvulana wa Ukambani aliyeachwa

Wengi mnaijua habari ya Charles Mulli, mtoto wa huku kwetu. Akiwa na umri wa miaka sita hivi, aliamka akakuta wazazi na ndugu zake wamehama usiku, wamemwacha. Akawa mwombaji wa nyumba kwa nyumba. Alipokuwa kijana alitembea kwa miguu mpaka Nairobi, kama kilomita 70, akabisha mlango wa familia ya Kihindi akapewa kazi ya nyumbani. Kutoka hapo Mungu alimwinua: akahamia Eldoret, akaanza na gari moja la abiria, mpaka akawa na mabasi ya Mullyways na biashara nyinginezo.

Mwaka 1986 alikwenda Nairobi kwa shughuli zake. Alipoegesha gari, vijana wa mitaani wakamwendea wakitaka wamlindie na awalipe kidogo. Alikataa. Aliporudi gari halikuwepo. Ilibidi apande basi kurudi Eldoret.

Mtu mwingine angetoka hapo na ushuhuda wa "adui ameniibia, Bwana atanirudishia mara saba", na sisi tungeitikia amina. Mulli alitoka na usumbufu wa moyo. Aliwaza kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na amewapita. Alikaa na mzigo huo miaka mitatu. Novemba 1989 aliacha biashara, na pamoja na mkewe Esther wakaanza kuwaleta watoto wa mitaani wa Eldoret ndani ya nyumba yao wenyewe, wakale meza moja na watoto wao. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Mully Children's Family, yenye makao makubwa kule Ndalani, Yatta, ndani ya kaunti yetu. Maelfu ya watoto wamepita hapo.

Simwambii kila mmoja wetu auze duka. Ninachotaka uone ni kwamba wale vijana waliomba kazi kwanza. Walikuja na ofa ya kulinda. Waliokuwa karibu kabisa na gari lile usiku na mchana ni wao.

Chakula

Tuanze na la kwanza kati ya yale mawili. Isaya 58 inazungumza juu ya mfungo ambao Mungu anaukubali, na katika mstari wa 7 anataja kumgawia mwenye njaa chakula na kuwaingiza nyumbani maskini wasio na makao. Teremka mpaka mstari wa 12. Hapo kuna ahadi ya kujenga upya palipobomoka na kurudisha njia ziwe za watu kukaa. Sisi wapenda mfungo huomba mstari wa 12, mitaa salama, mji uliotengenezwa. Mungu ameuweka mstari wa 7 njiani.

Lakini chakula nacho kina akili yake. Shilingi ishirini unayotupa dirishani kwenye matatu inakwenda kwa gundi, unajua na ninajua. Ukipeleka chakula, peleka siku ileile na saa ileile kila wiki, watu wawili au watatu, mwanamke akiwemo. Kaa chini. Uliza jina, na wiki ijayo ulikumbuke. Usipige picha, tafadhali. Picha ya mtoto mchafu akiwa ameshika mkate wetu haimjengi mtu ila sisi.

Ukikutana na mtoto, usimchukue kimyakimya ukaenda naye kwako, hata kama moyo unakuwaka. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu mtoto anayeombaomba kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, si mhalifu, na aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni afisa wa watoto, au kituo cha polisi, au simu ya 116 ambayo haina malipo. Huko ndiko jamaa zake watatafutwa. Mara nyingi kuna shangazi au nyanya mahali, anayedhani mtoto alishakufa.

Kwa kijana mkubwa shida huwa nyingine, na inanishangaza kwamba ni watu wachache wanaoifikiria: kitambulisho. Hana cheti cha kuzaliwa, hana mzazi wa kumsindikiza, chifu hamjui. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, hawezi kupokea M-Pesa, hakuna anayemwandika kazi. Akikamatwa hana hata njia ya kusema yeye ni nani. Mzee wa kanisa anayeheshimiwa akimpeleka kwa chifu, akarudi naye mara tatu au nne jinsi ofisi zetu zilivyo, amefanya kazi ambayo masufuria kumi ya githeri hayawezi kuifanya.

Msindikizaji

La pili ni gumu zaidi, maana hapa wanaingia polisi, na wengi wetu tukisikia polisi tunashika mfuko.

Soma Matendo 23. Watu zaidi ya arobaini wameapa kutokula mpaka wamuue Paulo. Mtoto wa dada yake anasikia njama. Anaingia ngomeni anamwambia Paulo, Paulo anamwita akida, akida anampeleka kwa jemadari. Na jemadari yule, Mrumi, mpagani, anamshika yule kijana mkono, anampeleka pembeni faraghani, anamuuliza amekuja kusema nini. Akishasikia, anamwagiza asimwambie mtu. Usiku huohuo askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili wanamsindikiza Paulo.

Kuna sehemu tatu hapo na zote zinahitajika. Kijana aliyekuwa tayari kusema. Afisa aliyesikiliza bila dharau. Na siri iliyolindwa. Ile ya tatu ndiyo inayotuponza Kenya. Mama wa soko akimtaja mwizi leo, kesho mwizi anajua nani alimtaja. Basi watu wananyamaza, na polisi wanasema wananchi hawashirikiani.

Serikali imejaribu njia kadhaa. Mpango wa ushirikiano wa polisi na jamii ulizinduliwa mwaka 2005. Baada ya shambulio la Westgate la 2013 ikaja Nyumba Kumi, mfano uliochukuliwa kwa jirani zetu Tanzania. Hapa kaunti ilinunulia polisi magari, ikaweka taa barabarani. Taa ni nzuri, nashukuru kwa taa. Lakini taa haijui jina la mtu.

Wachache wanajua kwamba kanisa lina nafasi ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda mamlaka ya kaunti ya kusimamia mambo ya polisi, mwenyekiti akiwa gavana au mtu wa baraza lake aliyemteua. Ndani yake wanatakiwa wawemo watu wa biashara, wanawake, vijana, wenye mahitaji maalum, mashirika ya kijamii, na mashirika ya dini. Umesoma vizuri, ya dini. Kazi mojawapo ya mamlaka hiyo ni kupendekeza mambo gani yapewe kipaumbele na polisi wa kaunti. Kwa hiyo tukilalamika kanisani tu, tumelalamikia mahali pasipo.

Kumwalika OCS akae kiti cha mbele na kumpa chai baada ya ibada si ushirikiano. (Na chai ile nyingine ndiyo kabisa.) Ushirikiano ni kwamba ukiibiwa unaandikisha kwenye OB na unarudi na namba, hata kama ni simu ya elfu tano, maana kisichoandikwa hakihesabiwi. Ni kwamba kesi ikifika kortini unakwenda kutoa ushahidi, badala ya kukaa dukani halafu kulaumu hakimu mtuhumiwa akiachiliwa. Ni kwamba afande akimpiga mtoto wa veranda ili atoe pesa, mtu wa kanisa aliyeona anaripoti kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kuwasimamia polisi, bila kumwogopa mtu. Kauli mbiu ya polisi ni Utumishi kwa Wote, na yule wa katoni ni mmoja wa hao wote. Wapo maafisa wazuri, wengine wako katika ushirika huu. Wao wenyewe watakwambia askari wa zamu anayewajua vijana wa stendi kwa majina anamaliza kazi ambayo lori la doria haliwezi.

Halafu kuna jambo ambalo lazima niliseme ingawa halipendezi. Sauti ikipigwa "Mwizi!" pale sokoni, umati unakusanyika kwa dakika moja, na mawe yanapatikana. Tairi pia linapatikana. Anayekufa mara nyingi ni yule asiye na mtu wa kusema "huyu namjua". Hiyo mbele ya sheria ya Kenya ni mauaji, hata kama aliiba kweli. Katika viti vyetu vya Jumapili wamo watu waliowahi kushika jiwe, na wengi zaidi waliosimama kutazama. Rudi kwenye Kumbukumbu 21: wazee walitakiwa waweze kutamka mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga na macho yao hayakuona. Sisi wa Machakos tutatamka nini? Macho yaliona. Simu zilirekodi.

Kumsindikiza mtu siku hiyo ni kuingia katikati, wawili au watatu ambao mnaheshimika sokoni, mama mwenye kibanda chake akiwemo, kusema "huyu anakwenda stesheni", na kumpeleka mpaka mlangoni. Ni hatari. Msiende peke yenu, na mtu mmoja awe anawapigia polisi 999 wakati mnaenda. Lakini umati ukisikia sauti ya mtu unaomjua hupoa haraka kuliko unavyodhani, maana wengi walikuwa wanasubiri mtu wa kwanza kusema acheni.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

Someni Kumbukumbu 21:1–9 kwa sauti. Kisha kabla ya Jumapili, wawili kutoka kila kikundi wapime kwa hatua kutoka mlango wa mahali mnapokutana hadi pale anapolala mtu wa karibu zaidi asiye na nyumba. Andikeni hatua ni ngapi, na jina lake ikiwa atakubali kuwapa. Msiende na ahadi msizoweza kutimiza.

Zungumzeni: katika kikundi chenu, nani ameibiwa mwaka huu na hakuandikisha? Kwa nini? Je, tuna mtu anayejua jina la OCS, la chifu na la afisa wa watoto? Wenye biashara mjini waseme wazi wangekubali nini: kazi ya kufagia, kubeba, kulinda, na kwa malipo gani ya haki.

Ombeni kwa ajili ya maafisa wa zamu ya usiku na familia zao, kwa mama aliyevunjiwa kibanda, na kwa kila jina mtakalokuwa mmeandika.

Na kila kikundi kimuulize MCA wa wadi yake, kwa simu au ana kwa ana: ile mamlaka ya kifungu cha 41 katika kaunti yetu ilikutana mara ya mwisho lini, na ni nani anayekalia kiti cha dini? Leteni majibu kwa ofisi ya kanisa kufikia Jumatano.